Heulwen Bebb na Kiti cha Cwmhelyg

Kata ya Cwmhelyg, huko Wales, ilikuwa na diwani, lakini watu wake walikuwa hawajui karatasi ya kura ya udiwani inafananaje. Hakuna aliyewakataza kupiga kura. Kila uchaguzi ulipokaribia, Ithel wa Plas, mwenye shamba kubwa kuliko yote pale, alijaza fomu yake, akaipeleka mjini kwa msimamizi wa uchaguzi, na kwa kuwa hakutokea mwingine, akatangazwa amepita bila kupingwa. Baba yake naye alipita hivyo hivyo katika baraza la zamani. Ikafika mahali watu wakasema kiti cha Plas kama wanavyosema fahali wa Plas au lango la Plas.

Na lazima isemwe, Ithel hakuwa mtu mbaya. Hakukosa mazishi hata moja. Katika kanisa la Bethania aliimba sauti ya nne, nzito, mpaka vioo vya madirisha vikalia. Theluji ikifunga barabara, trekta lake ndilo la kwanza kutoka. Ila alikuwa amekalia kiti kwa muda mrefu mno, na mtu akikalia kiti hivyo husahau kwamba kina miguu, na kwamba miguu imesimama juu ya kitu.

Heulwen Bebb alikuwa mpishi katika mkahawa wa mnada wa mifugo mjini. Huko kwao, watu wakiwa na majina yanayofanana, mtu huitwa kwa shamba lake au kazi yake, kwa hiyo yeye alikuwa Heulwen Mnada. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene wa mikono, mwenye sauti ya kupenya kelele za kondoo mia tatu. Mumewe Dilwyn aliangukiwa na mti msituni alikokuwa akikata mbao, akamwacha na binti aliyekwishaolewa mbali, na nyumba ya kupanga ya baraza katika safu ya Maes Teg.

Safu hiyo ilijengwa chini ya kilima, upande ambao jua la majira ya baridi halifiki kabisa. Kuta zilitoa maji. Ukungu mweusi uliota pembeni mwa dari, ukashuka nyuma ya makabati, ukala viatu na vitabu vya nyimbo. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Nesta, alikuwa na binti mdogo, Lowri, aliyekohoa tangu Oktoba mpaka Mei. Heulwen alimsikia kupitia ukutani kila alfajiri alipoamka kwenda mnadani. Mwishowe alizoea kikohozi kile kama saa ya kengele, na siku alipogundua kuwa amekizoea, alijichukia.

Ithel alikuwa katika kamati ya nyumba ya baraza. Siku moja ya mnada, alipofika mezani kwake kuagiza supu ya kondoo na vitunguu, ile wanayoiita cawl, Heulwen alimwambia habari ya kuta.

"Heulwen bwana," Ithel akasema, akikoroga, "wataalamu wametueleza. Ule si unyevu wa nyumba, ni mvuke wa watu. Mnachemsha chai mno, mnaanika nguo ndani, halafu hamfungui madirisha. Fungueni madirisha."

"Januari?"

"Hata kidogo tu."

"Yule mtoto anakohoa, Bwana Ithel."

"Basi afungiwe madirisha," akasema, kisha akaona amejichanganya, akacheka. Wanaume wa meza ile wakacheka naye. Heulwen hakucheka. Alichukua bakuli la Ithel likiwa nusu, akalirudisha jikoni.

"We! Sijamaliza!"

"Inatoa mvuke mno," Heulwen akamjibu. "Nitakurudishia ikipoa."

Hapo ndipo jambo lilipoanzia. Majira ya kuchipua yalipofika na tangazo la uchaguzi likabandikwa kwenye ubao wa posta, alilisoma akiwa bado na aproni, kisha akageuka akamwambia mwenye posta, bila kupunguza sauti, kwamba safari hii Ithel wa Plas atapigiwa kura kama binadamu wengine.

Kisheria, mgombea alihitaji majina kumi ya wapiga kura wa kata. Kwa mtu wa Plas hiyo ilikuwa kazi ya kusimama mlangoni mwa kanisa dakika chache. Kwa Heulwen ilikuwa kazi ya kugonga milango na kuona mapazia yakicheza. Wapo waliojifanya hawapo huku redio ikilia. Yupo aliyesaini, akamfuata barabarani na soksi, akaomba jina lake lifutwe, maana mkewe amekumbuka kwamba wao hununua nyasi za mifugo kutoka Plas. Nesta alisaini wa kwanza, akikandamiza kalamu kwa hasira.

Jina la kumi lilipopatikana, shemeji yake Iorwerth akaja. Huyu alikuwa mdogo wake Dilwyn, mkulima mdogo aliyekodi malisho kwa Ithel. Hakukaa. Alisimama jikoni akizungusha kofia.

"Shemeji, nakuomba. Jitoe."

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini. Mwenye nguvu mpishe."

"Nimempisha, Iorwerth. Wewe umempisha. Baba yako alimpisha baba yake. Mpaka tumeishia mtaroni, na barabara iko tupu."

"Mimi nina kondoo kwenye ardhi yake!"

"Basi mpigie kura yeye. Sikukatazi. Ninachotaka uipige, nasikia ina raha yake."

Iorwerth akavaa kofia, akaivua tena. "Dilwyn angekuwepo asingekuruhusu."

Heulwen akageuza vikeki kwenye bati la moto, kimoja kimoja, bila haraka. "Dilwyn," akasema, "angekuwepo angekuwa anakohoa."

Ithel mwenyewe alikuja Jumamosi, na gari lake safi, na mapeasi ya kusindika kutoka kwa mkewe. Alikuwa mpole. Alisema amezungumza na mafundi wa baraza, na kwamba lipu ya nyumba ya Heulwen inaweza kubanduliwa na kupigwa upya kabla ya majira ya joto kwisha.

"Na ya Nesta?" Heulwen akauliza.

"Tuanze na yako."

"Na ile ya mwisho kule, ya wazee wawili?"

"Heulwen, mambo huenda hatua kwa hatua. Tuanze na yako."

"Basi tusianze."

Ithel akamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane, uso wake ukawa hauna tabasamu la kumfunika. "Unajua watu watakavyokucheka?"

"Nawapikia kila wiki. Nimeshawasikia wakicheka na chakula mdomoni. Hakuna kibaya zaidi."

Hakuwa na gari. Alitembea kata nzima kwa miguu, shamba hadi shamba, mbwa wakimbwekea, buti zikizama kwenye tope la malango. Wanaume walimjibu wakiwa juu ya trekta bila kuzima injini. Kwa hiyo akaacha milango ya mbele, akawa anazunguka nyuma, jikoni, kwa wake zao. Katika shamba moja la juu kabisa, mama wa nyumba alimpa chai na kumwambia kwa masikitiko kwamba mume wake ameshaamua: kura za nyumba hii ni za Ithel.

"Na wewe je?"

Yule mama akatazama mlango, akaangalia tena kikombe. "Eti Heulwen," akauliza polepole, "lile pazia la kibanda cha kura, linafika wapi?"

"Linafika magotini, dada. Ataona viatu vyako tu."

"Aa." Akammiminia chai nyingine.

Siku ya kura, ukumbi wa nyuma wa Bethania ulijaa kuliko Pasaka. Watu walikuja kutazama tu kitu gani hiki, na wakiwa pale wakapiga. Kura zikahesabiwa mjini kesho yake asubuhi. Ithel alipata mia mbili na kumi na moja, Heulwen mia moja arobaini na nane. Rafiki zake Ithel wakapiga makofi mpaka wakachoka. Mshindi alitoa hotuba ya kusamehe, kana kwamba amekosewa. Ikawa zamu ya aliyeshindwa. Heulwen alisogea mbele na koti lake la mvua, akatazama ukumbi.

"Asanteni watu mia na arobaini na nane," akasema. "Sikujua tuko wengi hivi. Nanyi mlikuwa hamjui. Miaka minne si mingi."

Akashuka.

Wiki iliyofuata, msimamizi wa mnada akamwita pembeni, akaanza kuzungumzia mabadiliko ya mkahawa, na kwamba wateja wangependa ladha mpya. Hakuweza kumtazama. Heulwen alikunja aproni, akachukua mwiko wake, kwa sababu ulikuwa wake, akaondoka. Nyumbani alilia. Alilia vizuri, kwa sauti, mpaka Nesta akagonga ukuta kuuliza kama kuna jambo, naye akagonga kujibu kwamba lipo ila litapita.

Wenye dhamana walidhani hapo wamemmaliza. Lakini alikuwa na binamu mwenye karavani kuukuu, ile nyumba ya kukokotwa na gari, iliyooza matairi, na mwenye ukanda wa ardhi kando ya barabara, mkabala na lango la mnada. Karavani ikavutwa pale, ikatobolewa dirisha ubavuni, na siku ya mnada harufu ya kitunguu na nyama ya kondoo ikavuka barabara bila kuomba ruhusa ya mtu. Wakulima walijizuia juma la kwanza. Juma la pili wakaanza kutoroka wawili wawili, wakidai wanakwenda kuangalia magari yao. Mpishi mpya, maskini, supu yake ungeweza kunawia uso.

"Nipe bakuli moja, lakini usidhani nakupa na kura," walimtania.

"Kura yako siitaki ikiwa na mafuta hivyo. Kanawe kwanza."

Iorwerth alikuja mwisho wa watu wote. Alisimama kwenye foleni akiangalia viatu. Heulwen alimjazia bakuli kuliko wengine, na kwa namna hiyo wakapatana.

Ndani ya miaka ile minne ukungu haukupumzika. Lowri alilazwa mara mbili. Heulwen aliandikia baraza, akaandika tena, akawa anakwenda kukaa kwenye viti vya wananchi katika vikao vyao, akifuma soksi, akimtazama Ithel. Baada ya kumvumilia kwa muda, baraza likakubali kumtuma mhandisi kutazama, na diwani wa kata akaja naye. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, wakati mzuri wa kuonekana ukifanya kazi. Ithel alikuwa amevaa koti lake la kijivu la kanisani, la sufu nzuri. Watu wa Maes Teg wote walitoka nje.

Walianzia kwa Nesta. Mhandisi akagonga ukuta kwa kalamu, akaanza kueleza habari ya mvuke na hewa. Alieleza kwa kirefu. Ithel, ambaye magoti yalikuwa yanamsumbua, akaegemea ukuta kumsikiliza, akiitikia kwa kichwa. Mhandisi akafika mwisho: kuta ni nzima, shida ni matumizi ya wapangaji, madirisha yafunguliwe.

Wakatoka nje. Mtu wa kwanza kumwona Ithel kwa nyuma akaziba mdomo. Toka begani mpaka kiunoni, koti lilikuwa limelowa, na juu ya ule ulowevu umepakwa weusi na ukijani, kama kondoo aliyelala kwenye dimbwi.

Heulwen ndiye aliyesema.

"Bwana Ithel, na koti lako nalo halikufungua madirisha?"

Kicheko kilichopasuka pale kilisikika ng'ambo ya mto. Ithel akajishika mgongoni, akatazama kiganja chake, akakitazama tena. Wanaosimulia husema alikasirika, lakini Heulwen alikuwa karibu naye, na alichoona si hasira. Aliona mzee aliyeshtuka. Akatamani kidogo asingesema. Kidogo tu.

Uchaguzi wa mwaka ule watu hawakuuliza tena pazia linafika wapi. Heulwen alishinda kwa kura kumi na tisa. Ithel alivuka ukumbi, akampa mkono mbele ya watu wote, akasema kwa sauti yake ile nzito, "Haya, Heulwen. Sasa utajua wataalamu wanavyozungumza." Akaondoka wima, asigeuke.

Na kweli alijua. Alikuwa mwanamke peke yake katika kamati ya nyumba, na walimwita "bibie" mpaka alipoanza kumwita mwenyekiti "bwanamdogo". Kila mhandisi alipotaja mvuke, yeye alimwomba avue koti na kuegemea. Ilimchukua karibu muda wote wa kipindi chake. Lakini mafundi walikuja Maes Teg, wakabandua lipu mpaka kwenye mawe, wakatia kinga ya maji chini ya kuta, wakaweka madirisha mapya na vipasha joto. Nyumba zote, kuanzia ile ya mwisho, ya wale wazee wawili. Ya kwake ilikuwa ya kufungia kazi. Majira ya baridi yaliyofuata, Lowri alikohoa wiki mbili kama watoto wengine, akapona.

Basi miaka minne mingine ikaisha, na tangazo likabandikwa tena posta. Heulwen alipeleka fomu yake. Akasubiri asikie mpinzani ni nani. Hakutokea mtu. Ithel alisema magoti yake yamestaafu siasa. Wengine walisema, wa nini kujisumbua? Barabarani watu wakaanza kumpongeza.

"Umeshapita, mama! Nani atakugusa?"

Walidhani atafurahi. Lakini alirudi nyumbani akiwa amekunja uso, akamimina chai, ikapoa mbele yake. Aliyafikiria maneno yale matatu, kiti cha Heulwen, ambayo aliyasikia posta siku ile kwa masikio yake mwenyewe. Akainuka, akaenda kugonga kwa Nesta. Si ukutani. Mlangoni.

Mambo kati yao hayakuwa mazuri mwaka ule. Baraza lilikuwa limefunga vyoo vya umma vilivyo karibu na daraja ili kubana matumizi, na Heulwen alipiga kura ya kuunga mkono, kwa kuwa ndivyo fedha za kuta zilivyopatikana. Nesta, aliyesafisha vile vyoo na kulipwa kwavyo, hakumsalimia tangu wakati huo ila kwa kidevu.

"Unataka nini, diwani?"

"Nataka ugombee."

"Nigombee nini?"

"Udiwani. Unipinge."

Nesta alicheka kwa kejeli. "Umechoka kazi?"

"Sijachoka. Naitaka sana. Lakini wewe unanisema kwa kila mtu kuhusu vile vyoo. Nisemee mahali pa kusemea."

"Nitakusema kweli kweli, Heulwen. Sitakuonea haya kwa sababu ya Lowri."

"Ukinionea haya nitakuchukia. Fomu zinafungwa Ijumaa adhuhuri. Majina kumi."

Nesta alisimama kizingitini, mikono kifuani. "Na nikishinda?"

Swali hilo Heulwen alikuwa hajajiuliza mpaka mwisho. "Ukishinda," akasema, "utakuwa umeshinda. Nitafanyaje?"

Ulikuwa uchaguzi mkali kuliko yote. Nesta alijua kila kosa la diwani, maana alikuwa ukuta kwa ukuta na makosa hayo. Alitembea kata nzima na Lowri, binti mwenye afya, mashavu mekundu, na hakuna aliyeweza kumwambia asimtumie. Alisema Heulwen alitengeneza kuta akasahau kwamba watu hutoka nje. Alisema wazee sasa hawaendi sokoni kwa sababu hakuna pa kujisaidia njiani. Heulwen alijibu, alipaza sauti, aligonga meza. Wakatukanana kwa adabu katika ukumbi wa Bethania, na Ithel akiwa kiti cha mbele akisikiliza kama mtu aliye kwenye tamasha.

Nesta alishinda kwa kura thelathini na mbili.

Iliuma. Asidanganywe mtu kwamba haikuuma. Heulwen alisimama ukumbini mjini, akampongeza jirani yake. Iorwerth alimrudisha nyumbani kwa gari. Walipofika Maes Teg akajaribu kumfariji.

"Ungekaa kimya tu, shemeji, ungekuwa diwani mpaka ufe."

"Ndiyo," Heulwen akajibu. "Na mngenizika mkisema afadhali."

Kesho yake Nesta alikuwa bado na nguo za kulalia mlango ulipogongwa. Akafungua. Heulwen alikuwa amesimama nje na koti la mvua na buti, nywele amezichana, na uso wa mtu aliyelala vizuri, ingawa hakulala.

"Habari za asubuhi, diwani."

"Heulwen, hata saa mbili haijafika!"

"Najua. Nina malalamiko matatu. La kwanza, taa ya mwisho wa safu imezima. La pili, taka hazikuchukuliwa. La tatu ni vile vyoo. Uliahidi. Utavifungua lini?"

Nesta akamtazama toka juu hadi chini. Akafunga mkanda wa gauni lake la kulalia, akasogea pembeni ya mlango.

"Ingia basi, mama. Ngoja nitafute kalamu."